Tumbo lako sio tabia yako: dhana potofu kuhusu magonjwa sugu ya tumbo

Nina kolaitisi ya vidonda, yaani ukuta wa ndani wa utumbo mpana unavimba, unatoka vidonda na damu, huu mwaka wa tisa sasa. Kilichoniumiza zaidi ya tumbo ni maneno ya watu, maana ukiyasikia kila siku unaishia kuyaamini.

"Ni mawazo tu, punguza stresi."

Hili nimeambiwa mpaka nikaanza kujiona sina akili imara. Ukweli ni kwamba kwenye kolaitisi na ugonjwa wa Crohn, ndugu yake unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, kinga ya mwili ndiyo inashambulia utumbo, na vidonda vinaonekana kabisa kwenye kipimo cha kamera. Stresi inaweza kuzidisha dalili, kuanzisha ugonjwa ni habari nyingine. Hata vidonda vya tumbo vya kawaida zamani walisingiziwa watu wenye mawazo, mpaka daktari wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 akanywa mwenyewe bakteria aliyeshuku ndiye chanzo cha vidonda hivyo, ukuta wa ndani wa tumbo lake ukavimba kweli, yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel 2005. Fikiria wagonjwa wangapi walikuwa wameshajilaumu kabla ya hapo.

"Vipimo viko safi, basi huumwi."

Hapa nawaonea huruma sana wenye IBS, yaani utumbo unaosumbua kwa maumivu, gesi, kuharisha au kukosa choo bila vidonda, maana sisi angalau tuna majibu ya kuonyesha. Utumbo wao kwa kamera unaonekana mzima ila mawasiliano kati ya utumbo na ubongo hayako sawa, gesi kidogo tu ambayo wewe huisikii yeye anaisikia kama anachomwa kisu. Kuta za utumbo zina seli za neva zaidi ya milioni 100 jamani, maumivu yapo, hadanganyi mtu.

"Umenawiri! Umepona eeh?"

Niliambiwa hivi wakati natumia prednisolone, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, nikiwa naenda chooni mara kumi na tano kwa siku. Ile dawa inafanya uso uvimbe uwe wa mviringo, asubuhi napiga mswaki naangalia kioo naona mashavu ya mtu mwingine na macho yangu. Wengine hukonda sana, na wanasifiwa pia. Hata ugonjwa ukitulia uchovu unaweza kubaki, na kolaitisi inatulia halafu inarudi, kwahiyo muonekano hausemi kitu.

"Ni uchafu, utatuambukiza."

Haiambukizi. Nukta.

"Mtu mzima anashindwaje kujizuia?"

Hili ndo lilinivunja kabisa, kwa sababu nililisema mimi mwenyewe, ndani ya choo, mlango nimeufunga, nafua suruali kwenye sinki kwa sabuni ya mikono huku nje wananigongea. Nilijiita mchafu. Baadaye daktari akanieleza kwamba sehemu ya mwisho ya utumbo ikivimba haitanuki vizuri, haiwezi kutunza choo, kwahiyo ile haraka inakuja kwa sekunde na misuli ya kujizuia inazidiwa hata kama ni mizima. Nililia pale pale kwenye kiti, miaka yote ile nilidhani ni uzembe wangu.

Siku hizi kwenye begi nina nguo ya ndani na tishu, na nikifika sehemu mpya nauliza choo kiko wapi kwanza, kwa sauti ya kawaida, kabla hata sijakaa.