Kikombe cha ulanzi, kopo la dawa, na maswali mengine ya "jirani yangu"

Somo la VVU lina tabia yake. Mkutanoni wote kimya. Ukishafunga begi uondoke, ndipo anakuja mmoja polepole: "Samahani dokta, nina swali, lakini si langu, ni la jirani." (Mimi si daktari, ila huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta.) Maswali ya majirani hao, kuanzia Mafinga hadi Mwanjelwa, ndiyo haya.

Kilabuni tunakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, kwa kikombe kinachozunguka. Mwenzetu mmoja tumesikia anatumia dawa. Tumtengee kikombe chake?

Msimtengee. VVU hupita kwenye damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama. Mate hayaambukizi, wala sahani, choo, mbu au kushikana mikono. Kwenye kikombe cha kuzunguka mimi ningeogopa zaidi kuhara na taifodi, na hayo hayachagui mnywaji. Kama shida ni usafi, basi kila mmoja aje na chake. Mkimpa yeye peke yake, mmeshamtangaza kijiji kizima.

Mbona zamani mlitutisha wenyewe, na mabango ya mafuvu?

Kweli, tuliwatisha. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka ishirini hivi mtu wa kawaida hakuwa na dawa ya kumeza. Dawa za bure zilianza kutolewa kitaifa mwishoni mwa 2004. Aliyekuwa mtu mzima Iringa au Makete miaka ya tisini alizika ndugu na majirani, akabaki na wajukuu. Hofu yake haikuwa ujinga. Shida ni kwamba dawa zilifika, hofu ikabaki pale pale, na maneno yake: "kakanyaga miwaya", "ameukwaa", yaani kapata VVU. Hata neno "muathirika" tumeanza kuliacha. Tunasema mtu anayeishi na VVU, kwa sababu anaishi kweli, analima viazi na kusomesha watoto. Tangu 2016 anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga yake ishuke.

Dada yangu anatumia dawa mwaka wa tano, mumewe kila akipima hana. Ni dawa za kienyeji?

Ni hizo hizo za kliniki. Dawa za kufubaza zikimezwa kila siku, virusi hupungua mpaka kipimo cha wingi wa virusi hakivioni tena. Mtu aliyefikia hapo na kubaki hapo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Utafiti mkubwa uliofanyika Ulaya ulifuatilia wenza wa namna hiyo waliofanya tendo bila kondomu mara maelfu, na haukupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vimefubaa. Lakini kufubaa hakujulikani kwa kumtazama mtu alivyonenepa. Kunaweza kuchukua hadi miezi sita, na lazima kipimo kithibitishe. Kondomu nayo bado ina kazi yake, magonjwa mengine ya zinaa yapo. Mama akifubaza virusi kabla ya kujifungua na wakati wa kunyonyesha, hatari kwa mtoto hushuka sana.

Sawa, lakini kusengenyana ni tabia tu. Afya inahusikaje?

Nilikaa na mama mmoja kituo cha mabasi Makambako. Alikuwa ametoa vidonge kwenye kopo, akavifunga kwenye nailoni, nailoni akaipiga fundo kwenye pindo la kitenge. Nikamuuliza kwa nini. Akachukua kopo tupu, akatia vidonge viwili, akalitikisa: cha, cha, cha. "Hiyo sauti kijijini wote wanaijua." Njiani alikuwa amepita vituo viwili vinavyotoa dawa zile zile, akikifuata cha tatu asikofahamika.

Sasa piga hesabu. Vidonge nje ya kopo vinapata unyevu, na huku kwetu masika hata chumvi inayeyuka mezani. Nauli ikikosekana, mwezi huo hana dawa. Akiwa na wageni, hamezi mbele yao. Dawa zikirukwarukwa, virusi vinapanda na vinaweza kuzoea dawa. Hapo anaumwa yeye, na mwenza wake naye yuko hatarini. Wanaomcheka mama yule wanadhani wanajikinga, kumbe wao ndio wanaovipa virusi nafasi.

Mwajiri anaweza kunilazimisha nipime?

Hapana. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu apime, inakataza kumbagua, na mhudumu wa afya anayevujisha majibu yako anavunja sheria.

Kwani wako wengi hivyo?

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wanaishi na VVU. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Panda Coaster ya Iringa–Mafinga yenye watu wazima thelathini: kwa wastani watatu wanaishi na VVU, na huenda mmoja ndiye aliyekupisha siti. Usiyetaka kukaa nao, shuka utembee.

Jirani yangu (huyu ni jirani kweli) kaniambia mwenyewe. Nimjibu nini?

Mshukuru kwa kukuamini. Usimpe pole kama uko msibani, na usimuulize kaupata wapi. Habari hiyo usimpelekee hata mumeo, si yako. Muulize siku yake ya kliniki ni lini. Ukiweza kumwangalizia genge lake asubuhi hiyo, hatalazimika kuchagua kati ya dawa na nyanya zinazooza.