Mvua ya Mawe: Inakopiga Mara Nyingi Siko Inakoua Zaidi

Barafu haiko mbali nasi. Hata katika nchi za joto, ukipanda angani takribani kilomita 5 unakuta nyuzi 0, na mawingu ya radi huvuka kimo hicho na kwenda juu zaidi. Kwa hiyo mvua ya mawe kunyesha alasiri ya joto kali si muujiza. Cha kuuliza ni kama barafu ya wingu hilo itakua, na kama itafika ardhini kabla ya kuyeyuka.

Inakua kwa nguvu ya hewa inayopanda. Ndani ya wingu la radi mna matone ya maji yaliyo chini ya nyuzi 0 lakini bado hayajaganda. Chembe ya barafu ikipita humo, matone huigonga na kuganda juu yake. Hewa inayopanda huishikilia juu mpaka uzito wake uishinde, ndipo huanguka. Ukilipasua jiwe kubwa utaona tabaka, nyingine nyeupe, nyingine angavu. Wengi tulifundishwa kwamba kila tabaka ni safari moja ya kupanda na kushuka. Leo inaeleweka kwamba mawe mengi hukua katika mpito mmoja tu, na tabaka hutokana na tofauti za maji na baridi katika sehemu za wingu yalikopita.

Mawe makubwa huhitaji joto na unyevu karibu na ardhi, hewa kavu na baridi juu, na upepo unaobadilika kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda, ili wingu lidumu kwa saa nyingi. Mara nyingi haya hukutana karibu na milima mirefu. Ndiyo maana mashariki ya Milima ya Rocky, Marekani, pale Colorado, Nebraska na Wyoming zinapopakana, wakazi wameizoea mvua ya mawe. Mendoza, Argentina, chini ya Andes, wakulima wa zabibu hufunika mashamba kwa nyavu. Kaskazini mwa Italia, kusini mwa Alps, nako ni hivyo hivyo. Jiwe kubwa kuliko yote yaliyopimwa Marekani liliangukia Vivian, South Dakota, tarehe 23 Julai 2010: kipenyo sentimita 20, uzito karibu gramu 880.

Nyanda za chini za tropiki huiona kwa nadra, kwa kuwa jiwe dogo huyeyuka njiani. Panda mita 2,000 na safari hiyo inafupika sana. Kericho na Nandi, Kenya, ziko kwenye kimo cha namna hiyo, nazo hupata unyevu wa Ziwa Victoria. Kericho inatajwa miongoni mwa mahali penye siku nyingi zaidi za mvua ya mawe duniani. Mawe yake kwa kawaida ni madogo, lakini jani changa la chai halihitaji jiwe kubwa ili lichanike.

Hapa ndipo naomba msomaji atulie. Ramani ya mahali inakonyesha mara nyingi, ramani ya mawe makubwa na ramani ya vifo ni ramani tatu tofauti. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatambua kwamba tukio lililoua watu wengi zaidi ni la Moradabad, India, tarehe 30 Aprili 1888: watu 246. Jiwe zito zaidi kuthibitishwa, kilo 1.02, liliangukia Gopalganj, Bangladesh, mwezi Aprili 1986, na watu 92 waliripotiwa kufa. Watu walio wengi, kazi za nje na paa dhaifu ndivyo vinavyoligeuza wingu kuwa maafa. Tena kumbukumbu zetu zimeandikwa na watu, hivyo pasipo na watu ramani huonekana salama kuliko ilivyo. Setilaiti sasa zinaziba pengo hilo kiasi.

Ukanda unaopigwa huwa na upana wa kilomita chache tu. Shamba lako likanusurika leo na la jirani likaangamia, usidhani eneo lako limekingwa. Wala usitegemee mizinga ya kulipua angani. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba inazuia mawe. Nyavu hufanya kazi, na bima ya mazao husaidia.

Tahadhari ikitolewa, ingia kwenye jengo imara na ukae mbali na madirisha. Usitoke kuokoa gari: jiwe la sentimita 10 laweza kuanguka kwa kasi inayozidi kilomita 160 kwa saa. Ukiwa garini, simama mahali salama nje ya barabara, ubaki ndani, ukivipa vioo kisogo. Usijifiche chini ya mti, maana radi iko karibu. Mawe yakikoma, kagua mifereji na mabomba ya paa mapema, kwa kuwa barafu na majani huyaziba na mvua inayofuata huingia ndani ya nyumba.