Je, wajua kwa nini mchoraji humfanya mwandishi afute sentensi zake?

Fungua kitabu chochote cha picha kinachomweleza mtoto habari za ugonjwa mzito, uwe saratani, kisukari au selimundu. Ukurasa una sentensi mbili, unaofuata una moja, mwingine hauna hata neno. Muswada wa kwanza mara nyingi huwa mnene kuliko hapo: mwandishi ameeleza kitanda, pazia, uso wa mama, rangi ya dripu. Michoro ikishafika, anakaa na kalamu nyekundu na kuanza kukata sentensi zake mwenyewe.

Nafasi inachangia. Vitabu vya picha kwa desturi huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa mkupuo. Ukiondoa ukurasa wa jina na wa hakimiliki, hadithi haina pa kutanukia.

Lakini sababu nzito ni kwamba kitabu hiki husomwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Mtu mzima anasoma kwa sauti, macho yake yako kwenye herufi. Mtoto wa miaka minne hajui herufi, kwa hiyo anasoma picha, na huisoma kwa makini kuliko mzazi wake. Maneno yakisema msichana ana huzuni, na picha ikamwonyesha akilia, mtoto ameambiwa jambo lile lile mara mbili. Mchoraji hodari atamgeuza msichana aelekee ukutani, chakula hakijaguswa, na mdoli ameanguka chini ya kitanda bila kuokotwa. Hapo mtoto anauliza, "Mbona hamwokoti?" Mazungumzo yameanza, na neno "huzuni" linaweza kufutwa.

Yapo ambayo kalamu ya mchoraji haiyawezi. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliandika mwaka 1932 kwamba watoto wadogo huamini kosa hujilipiza lenyewe: aliyetenda vibaya lazima limfike jambo. Ndiyo maana mtoto anaweza kukaa kimya akidhani ameugua kwa sababu alimpiga mdogo wake. Mchoro hauna namna ya kusema "si". Jaribu kuchora "si kosa lako" uone. Sentensi hiyo ni ya mwandishi, tena iandikwe waziwazi bila kupambwa. Vivyo hivyo na "hauambukizi kwa kukumbatiana": picha inaweza kuonyesha watu wamekumbatiana, lakini haiwezi kuondoa hofu iliyokwisha kuingia.

Maneno nayo yana mitego. Ukiandika kwamba daktari "atamlaza usingizi" kabla ya upasuaji, wapo watoto watakaoogopa kulala usiku. Heri kueleza kwamba nusukaputi ni dawa, kwamba usingizi wake si ule wa kitandani, na kwamba daktari hubaki naye hadi aamke. Zimwi nalo ni hatari. Kuchora seli za saratani zikiwa mazimwi yenye meno kunavutia, ila mtoto huichukua picha kama ilivyo, na sasa ana zimwi tumboni. Binafsi sipendi pia hadithi za vita na askari wa damu, maana mgonjwa asipopata nafuu ataonekana hakupigana vya kutosha.

Kazi inayowakutanisha kweli mwandishi na mchoraji ni usahihi. Chukua saratani ya damu, ambayo ndiyo saratani inayowapata watoto zaidi. Dawa zake hushambulia seli zinazogawanyika upesi, zikiwemo za mashina ya nywele, hivyo nywele hunyonyoka, na nyusi na kope zinaweza kwenda pamoja nazo. Matibabu huwa pia na dawa za steroidi, ambazo huleta njaa kali na kuvimbisha mashavu. Mchoraji asiyeambiwa haya atachora mtoto aliyekonda, mwenye upara na nyusi nzito. Mtoto mgonjwa ataona mara moja kwamba huyo si yeye. Ndiyo sababu michoro ya awali huonyeshwa kwa wauguzi na, inapowezekana, kwa watoto wenyewe kabla ya rangi kupakwa.

Kwenye vitabu vingine, wachapishaji wengi humweka mhariri katikati, na mwandishi na mchoraji wanaweza wasikutane kabisa. Desturi hiyo ina faida zake, kwani humpa mchoraji uhuru. Kwa kitabu cha ugonjwa naona wakae meza moja, hasa wanapofika ukurasa wa mwisho. Kwenye kisukari cha aina ya kwanza, kwa mfano, insulini ni ya kila siku, hivyo "akapona" haiandikiki. Hapo hukubaliana mapema: mwandishi aseme kwamba sindano itaendelea kesho na keshokutwa, na mchoraji amwonyeshe mtoto akiwa uwanjani anacheza na wenzake, kifaa cha kupimia sukari kikiwa kwenye begi lililo wazi kando ya uwanja.