Je, wajua kwa nini kompyuta ya mwaka 2011 inaiweza Linux ya leo?

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, ukiacha chache zilizosamehewa. Mashine kama ThinkPad X220 ya mwaka 2011, yenye Core i5 ya kizazi cha 2, ikabaki nje. Lakini Debian 13, mojawapo ya matoleo ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows), iliyotoka Agosti 2025, inaingia humo na kufanya kazi bila kinyongo. Imekuwaje?

Prosesa ile haijachoka kiasi watu wanavyodhani. Kinachoikwamisha kompyuta ya zamani kwa kawaida ni diski, kisha RAM (kumbukumbu ya muda), kisha kivinjari. Linux inakupa nafasi ya kupunguza mzigo kwa sababu ndani yake eneo-kazi, yaani madirisha, menyu na upau wa chini, ni programu ya kawaida tu unayoweza kuibadilisha. GNOME, eneo-kazi mojawapo, ikishawaka, hata kabla hujafungua kitu, inakalia GB 1 ya RAM au zaidi. Xfce, eneo-kazi jepesi, huridhika na karibu nusu ya hapo. Chini yake mfumo ni uleule, na masasisho ya usalama ni yaleyale.

Tuanze na diski, maana hapo ndipo pesa yako itafanya kazi kubwa. Diski ya kuzunguka mara 5400 kwa dakika lazima isogeze kichwa chake kila inapotafuta faili jipya, kwa hiyo inatimiza maombi yasiyozidi 100 hivi kwa sekunde. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ya bei ya chini inatimiza makumi ya maelfu. Kuwasha kompyuta ni kusoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, ndiyo maana tofauti unaiona kwa macho. Ukinunua SSD ya X220, chagua ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa mm 7. Ya mm 9.5 haiingii kwenye nafasi yake.

RAM ya GB 4 inatosha kuanzia, GB 8 ni raha. X220 inatumia DDR3 ya kompyuta mpakato, na ukipata DDR3L ya volti 1.35 usiikatae, kwani hiyo inakubali pia volti 1.5. Kama huwezi kuongeza, washa zram, inayobana yaliyomo kwenye RAM badala ya kuyatupia diski. Ukishasakinisha Debian, andika kwenye terminali (dirisha la amri):

sudo apt install zram-tools

Fungua faili la /etc/default/zramswap kwa sudo, andika ALGO=zstd na PERCENT=50, kisha:

sudo systemctl restart zramswap

Amri ya swapon --show ikionyesha /dev/zram0, imekubali.

Kabla ya kupakua Debian 13, hakikisha prosesa ni ya biti 64, kwa sababu Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32. Usiiamini Windows iliyomo: mashine nyingi za biti 64 ziliuzwa zikiwa na Windows ya biti 32. Washa Linux ya biti 32 kutoka kwenye flashi, andika lscpu, usome mstari wa «CPU op-mode(s)». Ikiwa hakuna 64-bit, mashine hiyo ibaki ya kuchapia barua. Firefox yenyewe iliacha kutoa matoleo ya Linux ya biti 32 baada ya toleo la 144.

Wakati wa kusakinisha kuna mtego mmoja. Kisakinishi cha Debian kinapokuuliza programu za kuweka, GNOME huwa imeshawekewa alama. Iondoe, weka alama kwenye Xfce. Asiyeona hatua hiyo ndiye atakayesema baadaye kwamba Linux nayo ni nzito. Nenosiri la root (msimamizi mkuu) liache tupu, ili akaunti yako ipewe sudo, yaani ruhusa ya kutoa amri za msimamizi, moja kwa moja.

Wi-Fi ya Intel haisumbui. Yenye matata ni baadhi ya kadi za zamani za Broadcom, kwani kifurushi chake, firmware-b43-installer, hupakua faili zake kutoka kwenye intaneti, na intaneti ndiyo unayoitafuta! Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na kompyuta itaiona kama waya wa mtandao.

Kuna kosa jingine linalowapotezea watu siku nzima: apt, programu inayosakinisha na kusasisha nyingine, inakataa kusasisha ikilalamika «Release file for … is not valid yet», na kivinjari kinadai kila tovuti si salama. Mtandao hauna kosa. Betri ndogo ya saa kwenye ubao mama imekufa, tarehe imerudi miaka mingi nyuma, na vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Rekebisha saa, halafu badilisha betri. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032. Kwenye mpakato mara nyingi ina waya wake mdogo, kwa hiyo itazame kwanza kabla ya kwenda dukani.

Mwisho ni video. YouTube ikicheza huku feni ikipiga kelele, sababu ni kwamba tovuti hiyo hupendelea kutuma video za VP9 au AV1, njia mpya za kubana video, na kadi ya picha ya Intel HD 3000 iliyomo kwenye X220 haina sakiti ya kuzifungua, hivyo prosesa inazibeba peke yake. H.264, njia ya zamani zaidi, inaijua. Weka kiongezi cha h264ify kwenye kivinjari ili YouTube itume H.264, kisha shusha ubora hadi 720p. Kioo cha X220 kina pikseli 1366 kwa 768, kwa hiyo 1080p ilikuwa inachosha mashine bure.