Transfoma Haiongezi Mwendo wa Santuri

Wiki hii nimeletewa tena swali lile lile, safari hii na mzee mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, ambaye kijana wake amemletea jukiboksi ya zamani kutoka Marekani, yaani mashine ya kuchagua na kupiga santuri yenyewe. Mashine inawaka, taa zake za rangi zinapendeza, inachagua santuri bila kukosea, lakini kila mwimbaji anatoa sauti nzito iliyozembea. Fundi wa kwanza alimwambia mzee kwamba valvu za amplifaya, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, zimechoka, naye akaagiza nyingine kwa gharama kubwa. Fundi wa pili alilaumu transfoma ya kushushia umeme, ikanunuliwa kubwa zaidi. Sauti haikubadilika hata kidogo, na isingeweza kubadilika, kwa kuwa hakuna kati ya vifaa hivyo viwili kinachohusika na mwendo wa santuri.

Umeme wetu ni wa volti 230 na Hz 50. Umeme wa Marekani ni wa volti kama 120 na Hz 60, na mashine nyingi za miaka ya 1950 zimeandikwa volti 117 kwenye kibao cha nyuma. Transfoma hushusha volti tu. Masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, huingia yakiwa 50 na kutoka yakiwa 50, hata transfoma hiyo iwe na uzito wa gunia la korosho. Mota za mashine hizi hufuata masafa: mota ya pande nne za sumaku, ambayo kwa Hz 60 ina mwendo wa kinadharia wa mizunguko 1,800 kwa dakika, kwa Hz 50 itakuwa na 1,500. Kwa hiyo santuri iliyopaswa kuzunguka mara 45 kwa dakika itazunguka mara 37 na nusu. Wimbo wa dakika tatu utachukua dakika tatu na sekunde 36, na sauti yote itashuka kwa zaidi kidogo ya nusu-toni tatu. Anayefahamu gitaa ataelewa kwamba huo ni mshuko mkubwa mno kusingiziwa valvu. Valvu iliyochoka hupunguza nguvu ya sauti au huikwaruza. Haiwezi kumfanya mwimbaji avute maneno.

Kabla ya kununua chochote, bandika kipande cha karatasi kwenye lebo ya santuri, washa saa ya simu, uhesabu mizunguko kwa dakika moja. Ukipata 37 au 38, jibu umeshalipata na bisibisi bado iko mfukoni.

Hapa kuna jambo linalonikera kuliko yote, na naomba nilieleze taratibu. Baadhi ya watu huniambia kwamba wameshapima mwendo kwa kile kisahani chenye mistari, kilichokuja pamoja na mashine, na mistari ilionekana imesimama, kwa hiyo mwendo ni sahihi. Kisahani hicho hufanya kazi kwa sababu taa ya umeme humeta mara mbili katika kila mzunguko wa umeme. Kwa Hz 60 ni mara 120 kwa sekunde, na ndiyo maana kisahani cha Kimarekani cha mwendo wa 45 kina mistari 160. Sasa kiweke chini ya taa yetu inayometa mara 100 kwa sekunde, juu ya mashine inayozunguka 37 na nusu: mistari 160 mara 37.5, gawanya kwa 60, unapata mistari 100 kwa sekunde. Itaonekana imesimama, au ikisogea polepole sana. Kipimo na mashine vimechelewa kwa kiasi kile kile, kwa hiyo vinathibitishana katika kosa. Kwa umeme wetu kisahani cha 45 kinapaswa kuwa na mistari 133, na kile cha 33⅓ kiwe na 180. Tena utumie taa inayometa kwelikweli, kama ile ndogo ya neoni iliyomo ndani ya testa, kwa kuwa taa nyingi za LED za siku hizi hazimeti kwa namna ya kutegemewa.

Tiba yenyewe watengenezaji waliijua tangu zamani, na mashine zilizouzwa Ulaya zilifungwa puli za Hz 50. Katika mashine nyingi nilizozifungua, puli ndogo ya mota husukuma gurudumu la mpira, nalo husukuma sahani. Ikiwa mota imepungua kwa moja ya sita, kipenyo cha puli kiongezeke kwa moja ya tano: palipokuwa na milimita 5 pawe na 6. Mkereza vyuma mzuri anaweza kutengeneza puli hiyo kwa shaba. Mwambie aiache nene kidogo kuliko hesabu, kwa sababu mota hizi huteleza nyuma ya mwendo wa kinadharia, na kiasi cha kuteleza hutegemea volti, mafuta na ugumu wa mpira. Chuma kilichozidi kitakwanguliwa, kilichopungua hakirudi. Tundu lisipokuwa katikati kabisa, sauti itayumba katika kila noti ndefu, na hilo huudhi sikio kuliko mwendo mzito.

Mota ya kuchagua na kuinua santuri nayo itachelewa. Iache hivyo. Hatua zake hufuatana kwa kamu (magurudumu yenye nundu yanayosukuma vyuma) na swichi, wala hazitegemei saa.

Transfoma ya ndani ya amplifaya ndiyo inayonipa mashaka. Iliyosukwa kwa Hz 60 hupata moto zaidi kwa Hz 50, kwa kuwa usumaku katika kiini chake huongezeka kwa asilimia 20 iwapo volti hazikubadilika. Ukiipa volti 110 badala ya 117, ongezeko hilo hushuka hadi kama asilimia 13. Ukitaka kuliondoa kabisa, utashuka hadi volti 97 au 98, na hapo nyuzi za valvu zilizohitaji volti 6.3 zitapata 5.3 tu, jambo lisilofaa. Mimi huchagua 110, hufungua mlango wa nyuma hewa ipite, kisha hupima joto baada ya saa nzima ya muziki. Sina hakika kwamba transfoma hiyo itadumu miaka 20 katika joto la Mtwara au Lindi, na sitamwahidi mtu hivyo.

Kwa sababu hiyo, mwenye mfumo wa sola nyumbani nampa ushauri mwingine. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, nyingi za wimbi laini zina kitufe cha kuchagua Hz 50 au 60. Inveta ndogo iliyotengwa kwa ajili ya jukiboksi peke yake, ikiwekwa kwenye 60 na kufuatiwa na transfoma ya kushusha volti, huiponya mota na transfoma ya ndani kwa pamoja, na puli ya asili hubaki mahali pake. Inveta za bei ya chini za wimbi la mraba ziepuke, maana huipasha mota moto na kuleta mvumo kwenye spika. Hata za wimbi laini nimezisikia zikiingiza mlio mwembamba katika amplifaya, nami bado sijui kwa nini mashine moja huupokea na nyingine haiupokei.

Amplifaya ya valvu hubeba volti 300 na zaidi, na kapasita zake, yaani vifaa vya kuhifadhi umeme, huweza kushikilia chaji baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo asiyejua kuzitoa chaji asiingize mkono humo. Kazi ya puli haikulazimu kuifungua amplifaya. Ukishaifunga puli mpya, acha mashine ipige nusu saa ndipo upime tena kwa kisahani cha mistari 133, kwa maana gurudumu la mpira likiwa baridi hutoa kipimo kingine.