Bodaboda inachemsha? Anza na kabureta kabla hujafungua silinda

Injini za aina ya CG125, zilizojaa kwenye bodaboda zetu, hazina rejeta. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda (yale mabamba membamba ya chuma yaliyojitokeza nje) na oili inayozunguka ndani, basi. Dalili za kuchemsha zinajulikana: inakosa nguvu mlimani, inagonga unapovuta mafuta, au inaendelea kunguruma hata baada ya kuzima swichi.

Tope kwenye mapezi litoe injini ikiwa imepoa. Vua na yale maturubai yanayofungwa kwenye vyuma vya mbele kukinga miguu isilowe. Yanaziba upepo wote. Oili ipime pikipiki ikiwa wima kwenye stendi kubwa, mahali tambarare, na kijiti cha kupimia ukiingize bila kukikaza. Injini inabeba takriban lita 1 tu, kwa hiyo ikipungua robo lita joto linapanda. Oili ya gari achana nayo. Klachi inaogelea humo humo, na oili yenye viungo vya utelezi huifanya iteleze na kuzalisha joto zaidi.

Sasa kabureta, ambako ndiko ningeanzia kama mwenye pikipiki ameomba "apunguziwe petroli". Petroli ikiwa kidogo na hewa nyingi, moto wa ndani unakuwa mkali. Fungua plagi baada ya safari yenye mzigo: kahawia ni salama, nyeupe ina maana petroli haitoshi. Skrubu ya hewa haitakusaidia hapo, maana kazi yake ni injini ikinguruma taratibu bila kuvuta mafuta. Angalia sindano iliyo ndani ya slaidi, kile kipande kinachopanda ukivuta mafuta. Ina vijino vya klipu. Klipu ikipandishwa, sindano inashuka na kubana petroli. Irudishe kijino cha katikati, kisha hakikisha jeti kubwa (kipande chenye tundu dogo la kupitisha petroli) ni ya saizi ya kiwandani na haijaziba. Waya wa kutobolea jeti unaharibu tundu. Tumia upepo wa kompresa.

Plagi bado nyeupe? Tafuta hewa inayoingia kwa wizi kati ya kabureta na silinda. Injini ikiwa ya uvuguvugu na inanguruma taratibu, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, badilisha oringi au gasketi.

Kabla ya kugusa tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma, zungusha gurudumu la nyuma likiwa hewani, gia huru. Likigoma, breki inabana na injini inavuta mzigo bure. Pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30.

Tapeti zipime injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T ya kwenye sumaku ikiwa imelingana na alama ya kwenye injini, na pistoni iko juu kwenye mgandamizo, yaani valvu zote mbili zimefungwa. CG125 inataka milimita 0.08 kila upande. Wengi wanazibana ili kelele iishe, ndipo valvu ya ekzosi inashindwa kukaa vizuri kwenye kiti chake, inakosa pa kupeleka joto, na inaungua.