Je, wajua kwa nini mpaka wa Tanzania na Kenya unapiga kona Kilimanjaro?

Hadithi inayopendwa zaidi Moshi na Arusha kuhusu mpaka huu ni ile ya zawadi. Malkia Victoria wa Uingereza, husemwa, alikuwa na milima miwili yenye theluji, Kenya na Kilimanjaro, na mjukuu wake Kaisari Wilhelm wa Ujerumani hakuwa na hata mmoja. Siku ya kuzaliwa ya mjukuu ilipofika, bibi akaupindisha mpaka, Kilimanjaro ukaangukia upande wa Wajerumani. Wageni wanasimuliwa hayo kabla hawajafika geti la Marangu, na watoto wanakua nayo.

Si kweli. Imekwenda mbali sana, kwa hiyo inafaa kuitazama kipande kwa kipande.

Anza na tarehe. Mpaka unaozunguka mlima uliwekwa kwa kubadilishana barua baina ya Uingereza na Ujerumani, tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Kaisari wa Ujerumani siku hizo alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria. Mjukuu anayetajwa kwenye hadithi, Wilhelm wa Pili, alikuwa kijana wa miaka 27 tu, na mbele yake katika kiti kile walikuwapo babu yake na baba yake. Wote wawili walifariki mwaka 1888, naye akawa Kaisari Juni mwaka huo. Na siku yake ya kuzaliwa ni tarehe 27 Januari, miezi mitatu mbali na barua zile.

Kisha tazama kile kinachodaiwa kutolewa. Mwaka 1886 Uingereza haikuwa na Kilimanjaro wala Mlima Kenya. Hapakuwa na afisa wa Kiingereza aliyekuwa akitawala Uchagani, wala Kikuyu, wala Umasaini. Nchi inayoitwa leo Kenya ilitangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1895. Barua za 1886 ndizo zilizoanza kuuhesabu Mlima Kenya upande wa Waingereza na Kilimanjaro upande wa Wajerumani, kwa mpigo mmoja. Malkia asingeweza kugawa mmoja wa milima miwili wakati hana hata mmoja. Isitoshe, mambo ya mipaka yalikuwa mikononi mwa serikali ya Lord Salisbury na wizara ya mambo ya nje, wakijadiliana na watu wa Kansela Bismarck.

Hadithi yenyewe imetoka wapi? Kuna mambo matatu ya kweli yaliyoipa nguvu. La kwanza, Wilhelm wa Pili kweli alikuwa mjukuu wa kwanza wa Victoria. La pili, mlima kweli ulibeba jina lake: Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, Meyer alikiita kilele cha Kibo kwa jina la Kaisari Wilhelm, na jina hilo likabaki ramanini hadi kilele kilipoitwa Uhuru miaka ya 1960. Zaidi ya hapo, Meyer alichukua jiwe kutoka kileleni na kipande chake akampa Kaisari, kikawekwa katika kasri la Potsdam. Kwa hiyo zawadi ya Kilimanjaro ilikuwapo, ila ni jiwe, lilitolewa na mpanda mlima, na lilifika wakati mpaka ulikwishakaa miaka mitatu. La tatu, tarehe 1 Julai 1890 yalifanyika makubaliano mengine makubwa kati ya dola zile zile. Ujerumani ilipata kisiwa kidogo cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini na ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Wakati huo Wilhelm wa Pili alikuwa madarakani, bibi yake bado hai, na maneno ya mpaka wa Kilimanjaro yakaandikwa upya ndani ya mkataba. Anayechanganya 1886 na 1890 anapata bibi, mjukuu na mlima katika karatasi moja.

Liko kosa la pili, la watu waliosoma zaidi: kwamba mpaka ulichorwa katika Mkutano wa Berlin. Mkutano ule, kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, ulishughulika zaidi na biashara na usafiri katika bonde la Kongo na mto Niger, na kanuni za kutwaa sehemu mpya za pwani. Haukuchora mpaka wa Kilimanjaro. Mistari ya Afrika Mashariki ilikuja baadaye, dola mbili mbili, kwa barua.

Sasa chukua ramani ya Afrika Mashariki na rula. Weka ncha moja pwani kwenye mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, takriban nyuzi 4 na dakika 40 kusini. Ncha nyingine iweke pwani ya mashariki ya Ziwa Victoria, pale mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta unapogusa nchi kavu. Hizo ndizo ncha mbili zilizotajwa mwaka 1886. Fuata rula kutoka baharini: hadi Ziwa Jipe, rula na mpaka wa leo vinakwenda karibu pamoja. Baada ya Jipe vinaachana. Rula inaendelea moja kwa moja na kupita jirani kabisa na mji wa Moshi. Marangu na Rombo zinabaki kaskazini ya rula, na kilele cha Kibo kinakaa kilomita zipatazo 25 upande wa Kenya. Arusha na Mlima Meru vinabaki Tanzania. Longido inakwenda Kenya, na Ziwa Natron linakatwa katikati.

Mpaka wenyewe haufanyi hivyo. Ukifika Jipe unapanda kuelekea kaskazini, unavuka mto Lumi, unapita kati ya Taveta na Rombo hadi pande za Tarakea, unazunguka mguu wa kaskazini wa mlima, ndipo unanyooka tena hadi ziwani. Maneno ya mkataba yanasema hivyo hivyo: mstari upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, ufuate kitako cha kaskazini cha Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja hadi nyuzi 1 kusini. Kona inaanzia Jipe kwa sababu hapo ndipo karatasi mbili zilipokutana.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Taveta. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa miezi kadhaa Kilimanjaro, akaondoka na mkataba wa Taveta ambao baadaye ulifika mikononi mwa wafanyabiashara wa Manchester. Karatasi ya pili ilikuwa ya Moshi. Mwaka 1885 Karl Jühlke, msaidizi wa Karl Peters, mwasisi wa kampuni ya Wajerumani iliyotafuta makoloni, alifika kwa Mangi (yaani mtawala wa Wachaga) Rindi, ambaye wazungu wengi walimwita Mandara, akapata mkataba kwa jina la kampuni hiyo. Muda mfupi kabla yake alikuwa amepita Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi la Seyyid Barghash wa Zanzibar, naye akawafanya wamangi wakubali bendera ya Sultani. Rindi alipokea wote. Alikuwa na hasimu mkubwa, Mangi Sina wa Kibosho, na mgeni mwenye bunduki alikuwa na faida kwake. Kuweka alama kwenye karatasi ya kigeni hakumaanishi kwamba Rindi aliona anaikabidhi nchi. Alichofanya kinafahamika vizuri zaidi kama siasa ya mtawala anayewachezesha wageni dhidi ya wenzao.

London na Berlin wakaweka karatasi mezani. Dai la Sultani walilipunguza hadi visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, naye Barghash akalazimika kukubali Desemba 1886. Mwenye karatasi ya Taveta akaachiwa Taveta. Mwenye karatasi ya Moshi akaachiwa Uchaga wote, hata kwa wamangi ambao hawakumtambua Rindi. Ndiyo maana mstari umepita kati ya majirani hao wawili.

Lakini makubaliano yale yaligawa nini hasa, ikiwa hakuna aliyemiliki? Yaligawa kilichoitwa maeneo ya ushawishi, na hapa ndipo penye ufunguo wa karne nzima iliyofuata. Chukua madalali wawili wa viwanja wanaogombania wateja barabara ya Moshi kwenda Himo. Wanakaa na kuafikiana: wewe tafuta kaskazini ya lami, mimi kusini, tusivukiane. Jioni ile hakuna kiwanja hata kimoja kilichobadili mwenyewe. Mama mwenye migomba kaskazini ya barabara hajui kama amezungumziwa. Ila kuanzia siku hiyo, dalali mmoja tu ndiye atakayebisha hodi kwake, na bei ni ya huyo mmoja. Hata akimwita yule wa pili, hatakuja.

Hayo ndiyo yaliyompata Rindi na waliomfuata. Mwaka 1885 aliweza kuchagua kati ya Mwingereza, Mjerumani na Mzanzibari. Baada ya 1886 alibaki na mmoja. Huyo mmoja naye alikuwa na kazi ya kugeuza ahadi ya kwenye barua kuwa utawala, na kazi hiyo ilifanywa kwa vita. Sina wa Kibosho alipigwa mwaka 1891. Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani Juni 1892, wakarudi na nguvu kubwa zaidi mwaka 1893 wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Uchaga, Meru na Arusha.

Kwa nini Uingereza iliuachia mlima kwa urahisi hivyo? Jibu lipo Misri. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869 na kufupisha njia ya kwenda India. Mwaka 1882 Waingereza waliikalia Misri kijeshi, lakini fedha za nchi hiyo zilibaki chini ya tume ya madeni yenye wajumbe wa dola kadhaa za Ulaya. Bila Ujerumani kuwaunga mkono dhidi ya Ufaransa, kuiendesha Misri kungekuwa kugumu mno. Bismarck alilijua hilo, akadai malipo Afrika na kwingineko. Kwa Salisbury, Mombasa na bandari yake ilitosha, nayo ilibaki upande wake. Inashangaza kweli, na inastahili kufundishwa darasani: hatima ya Rombo na Marangu ilitegemea madeni ya Cairo.

Watu huuliza kuhusu kona, na mara chache huuliza kuhusu mstari ulionyooka. Kona angalau ilitaja watu kwa majina, Taveta na Uchaga, ikajaribu kupita katikati yao. Kutoka mlimani hadi Ziwa Victoria mkataba hautaji mtu yeyote. Mstari umepita juu ya Wamasai, nusu huku Longido na Ngorongoro, nusu kule Kajiado na Narok, ukatenga malisho ya masika na ya kiangazi, kisha ukawagawa Wakuria kabla haujaingia ziwani. Na kwa kuwa ncha ya mashariki ya kipande hicho ilisogezwa juu ili mlima upite, mstari wote ulipanda pamoja nayo. Kilichohamia upande wa Wajerumani ni pembetatu ndefu kutoka Jipe hadi karibu na ziwa, na mlima ni pembe yake moja tu. Wamasai waliokuwa ndani ya pembetatu hiyo waliwekwa chini ya Wajerumani kwa ajili ya karatasi ya Moshi, mahali ambapo wengi wao hawakuwa na neno.

Kona ile ilikuja kuwa uwanja wa vita. Taveta, iliyojibana kati ya mlima na milima ya Pare, ilitekwa na Wajerumani Agosti 1914, wiki chache tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea huko, wakashindwa kwenye kilima cha Salaita Februari 1916, wakapenya vilima vya Latema na Reata mwezi uliofuata, na Moshi ikaanguka Machi 1916. Baada ya vita Waingereza walitawala pande zote mbili, Kenya na Tanganyika, kwa zaidi ya miaka 40. Wangeweza kuinyoosha kona. Hawakuinyoosha: forodha, kodi na mahakama zilikwishajengwa kuufuata mstari. Mwaka 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi huru za Afrika waliazimia kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na vituo vya mpakani vya Holili, Tarakea na Namanga vikabaki mahali pake.

Ncha ya magharibi nayo ina mambo yake. Mkataba wa 1890 uliuchukua ule mstari wa nyuzi 1 na kuuvusha ziwa hadi mpaka wa Kongo, bila kujali mto Kagera unakopita. Kipande cha nchi kikabaki kaskazini ya mto lakini kusini ya mstari, kwa hiyo kikawa cha Tanganyika. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia katika kipande hicho na kutangaza kwamba mto Kagera ndio mpaka. Wanajeshi wa Tanzania walipowarudisha nyuma, waliurejesha mpaka pale pale ulipokuwa umeandikwa, kwenye nyuzi 1 kusini.